Shajara ya handred: moshi mweusi, plagi nyeusi, na regyuleta niliyoisamehe mapema

Gari ni Toyota Corolla AE100 (ndiyo tunaita handred) ya 1995, injini 5A-FE, gia za mkono. Niko Nakuru, Section 58. Naandika kila hatua ikiisha, pamoja na pesa iliyotoka, ndio mwenye handred kama hii asipite kwa kila shimo nililopita mimi. Mimi si fundi, spana nilizo nazo zinaingia kwa mfuko mmoja wa unga.

Jumamosi, 8 Machi 2025: shida yenyewe

Asubuhi inawaka mara moja, hakuna maneno. Shida ni ikishachemka. Unaizima, unaingia sokoni dakika kumi, ukirudi unapiga stata mpaka wauza nyanya wanageuka kukuangalia, halafu inashika ikikohoa na kutoa moshi mweusi na ile harufu ya petroli mbichi mpaka macho yanawasha. Ukitembea kilomita moja hivi inatulia kama haikuwa na neno.

Mafuta sasa. Nilijaza tangi mpaka shingoni, nikaendesha kilomita 214 za kawaida za mjini na Njoro mara mbili, nikajaza tena pampu ileile, ikaingia lita 26.5. Hiyo ni kilomita 8 kwa lita, na hii gari ilikuwa inanipa 12 bila kuombwa. Na petroli ni mia moja sabini na kitu lita.

Fundi wa kwanza akatoa plagi, zikatoka nyeusi kama chini ya sufuria ya kuni. Tukabadilisha zote nne (1,600), filta ya hewa (700) na filta ya mafuta (900). Wiki haikuisha, plagi zikawa nyeusi tena.

Fundi wa pili alikuja na mashine ya kusoma kombyuta lakini hii gari ya zamani haina soketi ya kuichomeka, akarudi nayo. Kumbe hizi handred zinasomwa kwa waya tu: kwa kale kaboksi ka Diagnosis ndani ya boneti unaunganisha TE1 na E1, unawasha swichi bila kupiga stata, halafu unahesabu vile taa ya injini inapepesa. Yangu ilipepesa sawasawa bila kupumzika, maana yake hakuna kosa lililorekodiwa. Nikafurahi bure. Kombyuta ya hii gari haina sensa yoyote ya presha ya mafuta, yenyewe inapanga tu nozo (vidude vinavyopulizia injini petroli) zifunguke muda gani ikiamini presha iko vile kiwanda kiliacha, na mafuta yakiingilia mlango mwingine inaweza kukosa kurekodi kosa lolote.

Mpaka leo: 3,200, na moshi uko palepale.

Jumapili, 16 Machi: nimeipata regyuleta, nikaisamehe

Nimesoma wiki nzima nikaona jina linarudi, regyuleta ya presha ya mafuta. Kuitafuta si ngumu: fuata paipu ya mafuta kutoka filta mpaka kwa reli inayobeba nozo nne, halafu fuata reli mpaka mwisho. Pale kuna kidude cha chuma mviringo, saizi ya kifuniko cha soda ukiweka vitatu juu ya kingine, kimeshikwa na boliti mbili za spana ya 10. Kina hosi mbili. Ile nene ndiyo inarudisha mafuta tangini, ile nyembamba imetoka kwa menifodi ya hewa (paipu zinazoingiza hewa kwa injini) na inaleta vakyumu, yaani ule mvuto wa injini ikinyonya hewa.

Ndani kuna kiwambo cha raba na springi. Upande mmoja wa kiwambo ni mafuta, upande wa pili ni ile vakyumu. Presha ikizidi, mafuta yanasukuma kiwambo, njia ya kurudi tangini inafunguka. Vakyumu ikiwa kubwa (injini imewaka na hujakanyaga) inasaidia kuvuta kiwambo, presha inashuka. Ukikanyaga vakyumu inapotea, presha inapanda. Nia ni tofauti kati ya presha ya mafuta na ya hewa pale mdomoni mwa nozo ibaki ileile saa zote.

Sasa jambo la muhimu: kiwambo kikipasuka, petroli inapita upande wa vakyumu, inaingia kwa ile hosi nyembamba na inanyonywa moja kwa moja na injini. Kwa hivyo kila mtu atakwambia chomoa hiyo hosi nyembamba, uone kama kuna petroli.

Nikachomoa. Kavu. Nikanusa, hakuna kitu, harufu ya raba tu. Nikaingiza kidole, kikatoka na vumbi. Nikasema basi, regyuleta ni nzima, nikafunga boneti nikaenda kanisani nimechelewa.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo limenigharimu kuliko mengine yote. Gari ilikuwa imelala tangu Ijumaa jioni. Presha yote ilikuwa imeisha na petroli iliyokuwa ndani ya hosi ilishakauka zamani. Hosi kavu ya asubuhi haikuambii chochote. Cheki injini ikiwa imetoka kuzimwa sasa hivi, ya moto, ama pampu ikiwa inasukuma.

Jumamosi, 22 Machi: nimenunua pampu, msinicheke

Mzee mmoja fundi upande wa Free Area, mtu wa heshima, amenifungulia magari miaka mingi. Akasikiliza vile inapigwa stata ikiwa ya moto, akasema, "Kijana wangu, hiyo pampu haishiki presha. Ukizima inarudisha yote nyuma." Na kweli pampu ina vali ndani ya kuzuia mafuta yasirudi, na ikiharibika gari husumbua kuwaka ikiwa ya moto. Kwa hiyo maneno yake hayakuwa ya uongo. Lakini nilipaswa kumuuliza kitu kimoja: pampu mbovu inaleta aje moshi mweusi? Pampu ikichoka mafuta yanapungua, hayazidi. Sikuuliza, nilikuwa nimechoka na nilikuwa na pesa ya mahindi mfukoni.

Pampu 4,500, kazi 1,000. Kwa handred unainua kiti cha nyuma, kuna kifuniko chini yake, unaitoa kwa juu bila kushusha tangi, saa moja hivi imeisha. Jumapili nikaenda Lanet, nikazima, nikakaa robo saa, nikapiga stata. Ileile hadithi.

Jumla sasa 8,700.

Jumapili, 30 Machi: geji

Nikaamua sinunui kitu kingine kabla ya kupima. Seti ya geji na viungo vyake ni 3,200 kwa maduka ya vifaa vya garaji mjini. Ukiona ina viungo kama ishirini usishtuke, utatumia viwili.

Kabla ya kufungua: nilichomoa soketi ya pampu pale chini ya kiti cha nyuma, nikawasha injini ikajifia yenyewe, ndio presha iishe. Nikatoa waya wa hasi wa bateri. Jirani alikuwa anachoma mahindi mita chache kutoka hapo, nikamwomba asogeze jiko upande wa pili wa nyumba, akaniuliza kwani natengeneza bomu. Kizimamoto cha gari nilikiweka karibu na mguu. Na hata ukishaondoa presha hivyo petroli kidogo itamwagika tu, weka kitambaa.

Geji nimeiingiza pale juu ya filta ya mafuta penye ile boliti yenye tundu. Spana ya 17 ya kufungua, na nyingine ya kushikilia filta isizunguke, usipoishikilia utapinda paipu. Kosa dogo: nilirudishia zile washa za shaba za zamani. Nikaunganisha FP na +B za kale kaboksi ka Diagnosis kwa ule waya wangu ndio pampu izunguke bila injini, na petroli ikaanza kutoka jasho pale kwenye washa, halafu ikawa tone, halafu mstari. Nikazima. Washa za shaba zikishakazwa mara moja zimekufa, nunua mpya (nne kwa 200). Nikapoteza saa mbili kwenda na kurudi.

Sasa namba. Kitabu cha hizi injini kinasema: injini imewaka bila kukanyagwa, hosi ya vakyumu ikiwa imechomekwa, psi (kipimo cha presha) 30 mpaka 37. Ukichomoa hosi na kuiziba kwa kidole, psi 38 mpaka 44. Ukizima, dakika tano baadaye ibaki angalau 21.

Yangu: imechomekwa 33, imechomolewa 39. Safi kabisa! Nikakaa juu ya mtungi wa maji nikajiuliza sasa nimekosa wapi.

(Kitu cha pembeni kwa watu wa huku juu. Tofauti kati ya hizo namba mbili ndiyo nguvu ya vakyumu, na Nakuru tuko kama mita 1,850, presha ya hewa yetu ni kilopaskali 81 hivi wakati Mombasa ni 101. Kwa hivyo hapa kwetu tofauti itakuwa ndogo kuliko pwani, mimi nilipata 6. Usiite regyuleta mbovu kwa sababu mtu wa Mombasa alipata 9 ama 10.)

Nikazima injini, nikashika simu kuhesabu dakika. Dakika ya kwanza 24. Ya pili 17. Ya tano ilikuwa 6. Haya, hapo ndipo shida ilipo, presha inatoroka.

Inatoroka kwenda wapi? Njia wanazokufundisha ni tatu: inarudi kwa pampu, inapita kwa regyuleta kurudi tangini, ama inavuja kwa nozo. Unaziba moja moja. Nikawasha, nikazima, nikabana hosi inayotoka kwa pampu: bado inashuka. Nikawasha tena, nikazima, nikabana hosi ya kurudi tangini: bado inashuka. Mwenye kufuata kitabu angesema hizo ni nozo, na mimi nilisema hivyo, nikaanza kufungua boliti ya kwanza ya reli nikihesabu kichwani bei ya kuosha nozo nne.

Kilichoniokoa ni kwamba hosi ya vakyumu ilikuwa inanisumbua mkono, nikaichomoa nisogee vizuri. Pale kwenye kamdomo ka regyuleta palikuwa pameloa. Nikapangusa kwa kidole nikanusa: petroli. Nikaunganisha waya tena, pampu ikazunguka bila injini, nikainamia na tochi ya simu. Tone likajikusanya taratibu, likanenepa, likaning'inia, likaanguka. Nikahesabu mpaka saba, lingine likaja.

Kwa hivyo njia ni nne. Kiwambo kikiwa na mpasuko mdogo, mafuta hayarudi tangini, yanapita upande wa vakyumu, na kubana hosi ya kurudi hakusaidii kitu. Na kwa sababu mpasuko ni mdogo, injini ikiwaka presha inakaa sawa, namba zote mbili zinapita mtihani. Ukizima, mafuta yanaendelea kuchirizika ndani ya menifodi, dakika kumi za sokoni zinatosha kuilowesha injini ya moto. Ikilala usiku yanakauka, asubuhi inawaka kama kawaida. Kila kitu kikaingia mahali pake, nikajisikia mjinga na mwerevu kwa wakati mmoja.

Nilitaka kuhakikisha na sina pampu ya vakyumu. Mama watoto ana duka la agrovet, nikachukua sirinji ya ml 60 ya kunyweshea ndama dawa, nikaifunga na kipande cha hosi kwa kale kamdomo, nikavuta. Kwa regyuleta nzima ukivuta na kuachilia, kishikio kinarudi nyuma kwa nguvu na kusimama palepale kilipoanzia. Changu kilirudi nusu tu, na ndani ya sirinji nilikuwa nimevuta kijiko cha petroli. Usivute kwa mdomo, kuna watu wanafanya hivyo.

Halafu kosa la mwisho la siku. Zile hosi nilizibana na plaisi tupu. Ya kurudi tangini ni ya 1995 kama gari, ikapasuka ngozi palepale penye meno. Hosi mpya 250 na klipu mbili 60. Ukibana, funga kitambaa kizito kwanza, na usibane hosi ya kurudi injini ikiwa inanguruma isipokuwa sekunde moja mbili, presha inaruka juu sana.

Jumatano, 2 Aprili: kutafuta ingine

Mpya ya boksi nilionyeshwa moja ya 2,800 lakini paipu yake ya kurudi ilikuwa imeangalia upande mwingine, ingegongana na menifodi. Enda na ya zamani mkononi, usiende na jina la gari peke yake.

Kwa wauza vipuri vya kutoka Japani niliingia na sirinji mfukoni. Muuzaji mmoja akaniambia, "Boss, hizi zote ni orijino, hazipimwi." Nikamwambia basi hata mimi sinunui. Akacheka akamwaga tano juu ya kaunta. Ya kwanza ikaachia taratibu. Ya pili ilikuwa na kutu mdomoni, hata sikuipima. Ya tatu nikavuta, nikasubiri nikiwa naongea naye habari za mvua, kama dakika mbili, nikaachilia, kishikio kikaruka mpaka mahali pake. 1,500. Akaniuliza hiyo sirinji nimenunua wapi.

Jumamosi, 5 Aprili: kufunga

Kazi yenyewe nusu saa. Toa presha, toa bateri, hosi mbili, boliti mbili, kivute kikizunguka kidogo kidogo. Kuna oringi (pete ya raba ya kuziba) inayoingia ndani ya reli, yangu ilikuwa ngumu kama plastiki. Nikanunua oringi ya saizi hiyo kwa duka la mabomba ya maji, shilingi 30, ikaingia vizuri kabisa. Kumbuka hiyo.

Geji: 32 imechomekwa, 39 imechomolewa, dakika tano baada ya kuzima 30. Kamdomo kakavu hata baada ya dakika kumi za pampu. Nikabadilisha oili pia kwa sababu kijiti kilikuwa kinanuka petroli na oili imekuwa nyepesi kama chai ya strungi, ukiacha hivyo unakula beringi. Oili na filta yake 3,700. Plagi nilizisugua tu.

Jumatano, 9 Aprili: oringi ya maji

Siku nne. Nikiwa kazini nikasikia harufu ya petroli, safari hii kutoka boneti si kwa egzosi. Fungua, reli imeloa pale penye regyuleta, juu tu ya injini ya moto. Sikuiwasha tena, nikaivuta nyumbani na kamba (jirani wa mahindi ndiye aliyenivuta, na amenikumbusha bomu).

Ile oringi nilipoitoa ilikuwa imevimba imekuwa laini kama nyama ya utumbo, nikiifinya inakatika. Raba ya mabomba ya maji haijui petroli. Tafuta oringi ya mfumo wa mafuta, kwa wauza vipuri vya nozo wanazo, 150. Paka oili nyepesi kabla ya kuingiza isije ikajikunja. Shilingi 120 nilizookoa zingechoma gari.

Jumatatu, 21 Aprili: Pasaka, Kisumu na kurudi

Nilijaza mpaka shingoni Ijumaa Kuu, tukapita Mau Summit na Kericho, tukalala Kisumu, leo tumerudi njia ileile. Kilomita 396 na mizunguko ya mjini. Imeingia lita 30.8. Karibu 12.9 kwa lita, na tulikuwa watano na gunia la mchele.

Huo mchele tulinunua Ahero, jua limesimama kichwani, injini imechemka. Nikaizima makusudi tukipigania bei, kama robo saa hivi. Kurudi nikapiga stata, ikashika kabla sijageuza shingo kuangalia nyuma. Nikaizima nikawasha tena, mama watoto akaniuliza kama nina akili timamu.

Plagi nimezitoa jioni hii, zimeanza kuwa na rangi ya kahawia kama biskuti.

Pesa: za kubahatisha (plagi, filta, pampu na kazi yake) 8,700. Geji na washa 3,400. Regyuleta, oringi zote mbili, hosi na klipu 1,990. Oili 3,700. Jumla 17,790, na kilichokuwa kimeharibika ni cha 1,500.

Mtu wa NZE (Corolla zilizokuja baada ya hizi) aliniuliza kama anaweza kufuata hii. Kupima presha ndio, lakini usitafute hosi ya vakyumu kwa injini, haipo. Yenu haina paipu ya kurudi kutoka mbele, regyuleta imekaa ndani ya tangi pamoja na pampu na presha yake haibadiliki na vakyumu, kitabu kinasema psi 44 mpaka 50.

Pampu ya zamani iko kwa boksi na haina shida yoyote. Yule mzee wa Free Area nilimpelekea regyuleta iliyopasuka na sirinji, akavuta mara tatu bila kusema kitu, halafu akaniomba geji ya kupima Probox ya mteja. Hiyo ni tangu tarehe 12. Bado sijarudishiwa.